Kijana Anayetaka Kuwa Mwigizaji: Uvumilivu si Kukaa Bure



Tunapotembelea vikundi vya upande wa Kamukuywa, Misikhu, Kimilili na kuelekea Kitale, wazazi hutuuliza swali moja mara kwa mara. Huuliza mkutano ukiisha, watu wakiwa wanainuka. Si swali la mbolea wala la mkopo. Mzazi husema: kijana wangu anajua kuigiza, walimu walimsifu sana, sasa amemaliza fomu foo na hataki kusikia kazi nyingine. Ati anangoja kuitwa kwa televisheni. Tumfanyeje?

Kijana naye ana lake. Husema wazee hawamwelewi, kwamba wanaona uigizaji ni mchezo wa watoto wa shule, na kwamba akishika jembe kipawa chake kitakufa. Basi nyumba inagawanyika. Mwingine huuza kuku, mwingine huuza ng'ombe, kijana anapanda basi kwenda Nairobi, na baada ya miezi minne anarudi usiku ili majirani wasimwone.

Katika ukurasa huu tunataka kulijibu swali hilo polepole. Hatutasema uigizaji ni kazi ya wavivu, maana si kweli. Wala hatutasema kila mwenye kipawa atafika, maana hilo pia si kweli. Tutaangalia kazi yenyewe ilivyo, waliofika walichukua muda gani, na kikundi cha kijiji kinaweza kufanya nini.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Kwanza tukumbuke kwamba kusimama mbele ya watu na kuwagusa kwa maneno ni kazi ya heshima katika nchi yetu ya Wabukusu. Wazee wanajua kumuse. Mzee wa heshima akishazikwa, husimama mtu mwenye kipawa hicho, akatembea mbele ya waombolezaji, akasimulia historia ya ukoo, akafariji na kuonya. Hana karatasi mkononi. Mtu huyo hakuyapata maneno yale kwa wiki moja. Amekaa miaka mingi akiwasikiliza waliomtangulia kabla ya yeye kusimama. Hapo tayari tuna somo la kwanza: anayetaka kusikilizwa huanza kwa kusikiliza.

Tena Magharibi yetu imetoa watu wakubwa wa jukwaa. Francis Imbuga, aliyezaliwa Maragoli mwaka 1947 na kufariki Novemba 2012, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwandishi wa tamthilia na pia mwigizaji. Tamthilia yake "Betrayal in the City" ilikuwa mojawapo ya zile ambazo Kenya ilipeleka Lagos, Nigeria, mwaka 1977 katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Angalieni kwamba mtu huyu hakuacha kazi ya kufundisha ili awe msanii. Alifanya zote mbili.

WALIOFIKA WALICHUKUA MUDA GANI?

Kijana huona mtu akiwa tayari kwenye skrini. Hauoni ule muda uliopita kabla. Tuangalie wachache tunaowajua.

Charles Bukeko, yule tuliyezoea kumwita Papa Shirandula, alizaliwa mwaka 1962 na nyumbani kwao ni Busia. Aliigiza majukwaani Nairobi miaka ya 1990, mbele ya watu wachache walionunua tiketi. Kipindi chake "Papa Shirandula" kilianza Citizen TV mwaka 2007. Alikuwa na miaka kama 45 wakati huo. Yaani nchi nzima ilimjua akiwa mtu mzima mwenye familia, si kijana wa fomu foo. Kipindi kile kiliendelea mpaka mwaka 2020, na tarehe 18 Julai mwaka huo Korona ikamchukua. Alizikwa nyumbani Busia, na Kenya nzima ililia.

Lupita Nyong'o alipata tuzo ya Oscar tarehe 2 Machi 2014 kwa filamu "12 Years a Slave". Watu wengi walisema: huyu msichana ametokea ghafla! Haikuwa hivyo. Aliigiza Juliet wa Shakespeare jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14. Baadaye alifanya kazi ndogo ndogo nyuma ya kamera wakati filamu ya "The Constant Gardener" ilipopigwa hapa Kenya. Aliigiza "Shuga" mwaka 2009. Halafu akarudi shuleni tena, chuo cha Yale huko Marekani, akasomea uigizaji mpaka mwaka 2012. Kutoka Juliet mpaka Oscar ni miaka zaidi ya 16. Na tuseme ukweli: yeye alikuwa na jamaa walioweza kumsomesha. Wengi wetu hatuna uwezo huo, kwa hiyo njia yetu inaweza kuwa ndefu zaidi.

Wa tatu ni Oliver Litondo. Watu wa zamani wanamkumbuka akisoma habari. Yeye ndiye aliyeigiza Mzee Kimani Maruge katika filamu "The First Grader" ya mwaka 2010. Mnamkumbuka Maruge, yule mzee wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Litondo alipata nafasi hiyo kubwa akiwa tayari na mvi. Alikuwa na kazi nyingine ya kumlisha, na sauti yake aliinoa katika kazi hiyo hiyo ya utangazaji.

Mnaona? Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekaa nyumbani akingoja simu ilie.

KWA NINI JIBU HUWA "HAPANA"?

Kijana anahitaji kuelewa odisheni inavyoenda, ili asivunjike moyo bure. Odisheni ni siku ya kuchagua waigizaji. Watu huitwa, kila mmoja anapewa kipande cha maneno, anakisoma mbele ya mwelekezi, pengine anaambiwa akirudie kwa hasira au kwa upole. Wachache huitwa mara ya pili. Mwishoni mmoja tu anachukuliwa.

Sasa tufanye hesabu. Wakija watu 200 kwa nafasi moja, 199 watarudi nyumbani. Je, wote 199 hawajui kuigiza? Hapana. Mwingine ni mrefu kuliko yule atakayeigiza baba yake. Mwingine sura yake ni ya kijana na wanataka mama wa watoto watano. Mwingine ni mzuri kabisa, lakini kuna aliyemzidi kidogo siku hiyo. Kwa hiyo "hapana" ya odisheni si hukumu ya maisha. Ni kama kupeleka gunia sokoni siku ambayo soko limejaa mahindi: gunia ni zuri, lakini mnunuzi amekwisha kupata.

Lakini kuna "hapana" nyingine ambayo ina somo ndani yake, na mwenye busara hulitafuta. Sidney Poitier alikuwa mtoto wa wakulima wa nyanya kule Bahamas. Alipofika New York akiwa kijana, alienda kwa kikundi cha maigizo cha watu weusi, akafukuzwa, kwa sababu hakuweza kusoma vizuri na lafudhi yake ya visiwani ilikuwa nzito. Hakukaa kulia, wala hakusema wanamchukia. Alikuwa akiosha vyombo hotelini, na mhudumu mmoja mzee akakubali kumfundisha kusoma kwa kutumia gazeti, usiku baada ya kazi. Alinunua redio akawa anawaiga watangazaji. Aliporudi kwa kile kikundi wakamkatalia tena, akajitolea kuwafagilia ili wamruhusu kusoma. Mwaka 1964 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji mkuu wa kiume. Filamu yake moja, "Something of Value" ya mwaka 1957, ilipigwa hapa kwetu Kenya.

Jambo la lafudhi linatuhusu. Sisi watu wa huku tunachekwa kwa kuchanganya "b" na "p", na "g" na "k". Kijana asione haya, lakini pia asipuuze. Ajifunze Kiswahili safi na Kiingereza safi, halafu aihifadhi lafudhi ya nyumbani kama chombo. Papa Shirandula na Makokha wa "Vioja Mahakamani" waliwachekesha Wakenya kwa kuongea kama watu wa kwao. Tofauti ni kwamba mwigizaji anaitumia lafudhi akitaka na kuiweka chini akitaka. Anayeweza moja tu ana mlango mmoja tu.

UVUMILIVU NI KUFANYA NINI?

Methali inasema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini mkulima wa Kamukuywa anajua kwamba uvumilivu wa mahindi si kukaa kwenye kiti kuanzia Machi mpaka Oktoba. Kuna kupanda, kupalilia, kuweka mbolea ya juu, kufukuza ngedere. Kungoja ni sehemu ndogo tu. Na uigizaji ni vivyo hivyo. Haya ndiyo mambo ambayo kijana anaweza kufanya kila wiki bila kuomba ruhusa ya mtu wa Nairobi:

1. Asome kwa sauti kila siku, hata kama ni gazeti la jana. Sauti isiyotumiwa inapata kutu.

2. Ashike kwa moyo kipande kimoja kipya kila mwezi, cha Kiswahili au Kiingereza, ili akiitwa ghafla awe na kitu tayari.

3. Aangalie watu. Siku ya soko Kamukuywa ni darasa. Jinsi mama anavyokataa bei, jinsi makanga anavyoita abiria, jinsi mlevi anavyojifanya hajalewa. Mwigizaji hukusanya hayo.

4. Ajirekodi kwa simu, halafu ajitazame bila huruma. Simu ya mwenzake inatosha.

5. Awe na daftari. Aandike kila odisheni, kila onyesho, alilipwa ngapi, aliambiwa nini. Baada ya mwaka mmoja daftari litamwonyesha kama anasonga mbele au anazunguka mahali pamoja.

6. Awe na kazi ya kumlisha. Hili wengi hawalipendi, lakini ni la lazima. Shamba, kuku, boda boda, ushonaji, kinyozi, yoyote ya halali inayomwachia saa chache. Mtu mwenye njaa hukubali kila kitu, hata kile kinachomwaibisha. Mwenye chakula chake anaweza kusema "hapana" na kungoja kilicho bora.

KAZI ILIYO KARIBU KULIKO NAIROBI

Vijana wengi hufikiri sanaa iko Nairobi peke yake. Kweli Nairobi ina Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, vituo vya televisheni na ile biashara ya filamu za bei nafuu ya River Road inayoitwa Riverwood. Lakini huko pia waigizaji wamejaa. Hapa kwetu kuna kazi ambayo wachache huiona.

Shule za sekondari husoma tamthilia kwa mtihani wa KCSE, na kwa miaka mingi vikundi vya waigizaji vimezunguka vikiigiza vitabu hivyo kwa malipo madogo kwa kila mwanafunzi. Kikundi cha vijana wanane wanaokijua kitabu vizuri kinaweza kuzungukia shule za kutoka Webuye mpaka Kiminini. Mwalimu mkuu anataka mambo mawili: watoto waelewe kitabu, na ninyi mfike saa mliyosema.

Kuna redio. Bungoma ina West FM, na Sulwe FM inatangaza kwa Kibukusu. Mchezo mfupi wa redio hauhitaji mavazi wala jukwaa, ni sauti na akili. Kuna mashirika na idara za afya ambazo hulipia michezo ya kufundisha watu sokoni kuhusu malaria, Ukimwi, mimba za utotoni. Na kuna tamasha za maigizo za shule na vyuo, ambazo kila mwaka hupanda ngazi hadi ile ya taifa. Shule hutafuta mtu wa kuwafundisha watoto, na kijana aliyewahi kufika mbali anaweza kuifanya kazi hiyo. Hata mchezo wa Ijumaa Kuu kanisani, ukifanywa kwa bidii, ni mazoezi mbele ya umati wa watu.

Yote hayo hayamfanyi mtu tajiri. Lakini yanamfanya awe mwigizaji anayeigiza, si mwigizaji anayengoja.

JIHADHARINI NA MATAPELI

Hapa tunaomba wazazi na vijana wasikilize vizuri, maana mahali penye ndoto nyingi hapakosi wezi.

Anayetafuta mwigizaji kwa kweli atamlipa mwigizaji. Ukiambiwa ulipe "ada ya odisheni", "pesa ya fomu" au "pesa ya kuhifadhi nafasi" kwa namba ya simu, simama hapo hapo. Hiyo pesa haitarudi. Ukiahidiwa kazi ya filamu nchi za nje na kuambiwa ulete pasipoti upesi upesi, peleka habari kwa chifu au polisi kwanza. Wako waliosafiri kwa ahadi tamu wakajikuta utumwani.

Na kwa mabinti zetu: odisheni ya kweli hufanyika mchana, mahali panapojulikana, watu wakiwepo. Hakuna odisheni ya saa tatu usiku katika chumba cha lodging. Msichana asiende peke yake, aende na dada, mama au mwenzake wa kikundi. Na mtu akimwambia nafasi inapatikana kwa kulala naye, hilo ni kosa la jinai, si desturi ya sanaa. Msichana akirudi na kusema jambo kama hilo, asilaumiwe kwamba alijipeleka. Asikilizwe, apelekwe hospitali ikihitajika, na mambo yafuate sheria.

Mwisho, akipata kazi, aombe mapatano kwa maandishi: siku ngapi, malipo ngapi, yanalipwa lini, nauli na chakula ni vya nani. Akiwa hajaelewa, asitie sahihi siku hiyo hiyo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kuna watakaosema kijiji hakiwezi kitu katika mambo haya. Wakumbuke Kamiriithu, kule Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Walifanya mazoezi kwa miezi, majirani wakitazama na kusahihisha. Mchezo ulianza Oktoba 1977 na watu walifurika. Serikali ya wakati huo iliuzima Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwezi wa Desemba, na Machi 1982 jukwaa likabomolewa. Jengo lilianguka, lakini lilikuwa limeonyesha kwamba watu wa kijiji, hata wasiojua kusoma, wanaweza kuigiza vizuri wakipewa muda.

Basi sisi tunashauri hivi. Vijana wanaopenda kuigiza wasiachwe mmoja mmoja. Wafanye kikundi, wajiandikishe kwa ofisi ya maendeleo ya jamii kama vikundi vingine, wawe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tuseme wako 12, na kila mmoja anaweka shilingi 50 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 600 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 31,200. Pesa hizo zinatosha kununua ngoma na mavazi ya kwanza, na kubaki na nauli ya kumtuma mwenzao kwa odisheni ya kweli. Atakayetumwa arudi atoe ripoti, wote wajifunze. Mazoezi yapangwe kwa kufuata msimu: mara moja kwa wiki wakati wa kupanda na wa kuvuna, na mara tatu shamba likiwa limetulia. Na kabla ya kupiga filamu au kuonyesha kwa kiingilio, waulize ofisi ya utamaduni ya kaunti kuhusu leseni.

Wazazi nao wafanye mapatano na kijana. Kwa mfano: tunakupa miaka mitatu. Utalima nasi, utaweka akiba, na jioni na Jumamosi ni zako za mazoezi. Kila Desemba tunafungua lile daftari pamoja. Miaka mitatu ikiisha tunaamua tena. Mapatano ya namna hii humwondolea kijana kelele za kila siku, na humwondolea mzazi hofu kwamba hakuna mwisho. Na kijana akiamua kuacha, asiitwe aliyeshindwa. Atakuwa amejifunza kusema mbele ya watu, na hiyo ni mali kwa mwalimu, mfanyabiashara au kiongozi.

Jambo la mwisho ni akiba ya uzeeni. Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang wa "Vitimbi", alituchekesha kwa miongo mingi mpaka alipofariki Julai 2015. Jina lake lilijulikana kila nyumba, lakini miaka yake ya mwisho Wakenya walilazimika kumchangia pesa za matibabu ya macho. Kujulikana si sawa na kuwa na pesa. Mwigizaji ajiandikishe SHA na NSSF kama mtu aliyejiajiri, na kila malipo, hata yakiwa madogo, sehemu iende kwenye akiba ya kikundi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu ni vijana gani wana kipawa cha kuigiza, na nani amewahi kukaa nao akawasikiliza?

2. Ni shule, soko au kanisa gani lililo karibu ambapo wanaweza kuanza kuigiza kabla ya mwisho wa mwaka huu?

3. Kijana wetu akisema ameitwa odisheni Nairobi, tutathibitishaje kwamba ni ya kweli kabla hajapanda gari?

4. Wazazi: tuko tayari kutoa miaka mingapi? Vijana: tuko tayari kufanya kazi gani nyingine katika miaka hiyo?

Andikeni majibu yenu kwenye kitabu cha kikundi, na mtu mmoja apewe kazi ya kuyafuatilia kabla ya mkutano ujao.